MAJI YA MIWA YASIPOTEE NJIANI
(Maneno tuliyowaambia wanachama wa Ronge)



Leo hatuanzi na habari ya mshahara, twaanza na habari ya maji, na mtaona kuwa mambo hayo mawili ni ndugu.

Wazee wa Taita walichimba mifereji milimani kabla sisi hatujazaliwa, wakagawana maji kwa zamu, na mabondeni wakapanda miwa. Walijua kuwa apotezaye maji huku juu amemnyima mwenziwe wa chini. Nasi tusisahau. Muwa hunywa sana: kwa mwaka huhitaji maji ya milimita 1,500 hadi 2,500, na mvua ya Voi haifiki hata nusu ya hayo.

Hebu tufanye hesabu. Kunywesha ekari moja milimita 50 ni kama mapipa 1,000 ya lita 200. Lakini Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lakadiria kuwa, kwa njia ya mifereji, katika kila sehemu 100 za maji yaingiayo shambani ni 60 tu ziifaazo mizizi. Basi ili miwa ipate mapipa 1,000, yatubidi kufungulia zaidi ya 1,600.

Mengine yapotelea wapi? Maji yakifunguliwa kidogo kidogo huchukua usiku kucha kufika mwisho wa shamba. Miwa ya mwanzo imekwisha kunywa kupita kiasi, mbolea imezama chini ya mizizi, na miwa ya mwisho ingali na kiu.

Dawa ni hii. Kwanza, tufungulie maji ya nguvu, ila yasichimbe udongo. Ikiwa ardhi yataka saa nne kulowa, maji yafike mwisho kwa saa moja. Pili, yakisha kufika, tuyapunguze yawe nusu. Tatu, shamba lisawazishwe, na penye mchanga mifereji iwe mifupi. Nne, maji ya ziada yapate njia ya kutoka, kwa maana yakituama chumvi hupanda. Huko Arusha Chini, ng'ambo ya mpaka, chumvi ya ardhi imeyasumbua mashamba ya miwa miaka mingi.

Sasa twaja kwenye haki yetu. Mtu akipewa kipande cha mistari mingi mno, usiku, peke yake, atawezaje kupunguza maji kwa wakati wake? Huku anaziba, kule yamefurika, na asubuhi lawama ni yake. Kwa hiyo twadai wanyweshaji wawe wawili wawili, wapewe taa na viatu vya mpira, na kipande kipimwe kwa ardhi iliyolowa sawasawa, si kwa wingi wa mistari.

Nasi upande wetu tusilale maji yakitembea. Anayedai haki yake huku kazi yake i safi, hana wa kumnyamazisha.

Umoja ni nguvu.