Tana River, Kaunti Inayoufuata Mto
Msikilizaji, leo tuko Kaunti ya Tana River, pwani ya Kenya. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 315,943 tu, katika eneo linalozidi kilomita za mraba 35,000. Nyika ni kavu, kwa hiyo maisha huufuata Mto Tana. Wapokomo hulima mpunga, ndizi na maembe kandokando yake. Waorma, wafugaji, huteremsha ng'ombe wao mtoni kuwanywesha. Kiangazi kikikaza, hapo ndipo ugomvi kati yao huzuka.

Kaunti hii ina historia chungu pia: mwaka 1959, katika kambi ya kizuizini ya Hola, wafungwa 11 wa Mau Mau, waliopinga ukoloni wa Waingereza, walipigwa hadi kufa. Wakoloni, bila haya, wakasingizia kwamba maji ya kunywa ndiyo yaliyowaua! Hola ndiyo makao makuu ya kaunti leo.

Na lahani ya wimbo wa taifa wa Kenya? Imetokana na wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto.