Mjumbe wa Komini ni Mtumishi wa Watu Wote

 

Leo hatutasema juu ya wakubwa wa mbali. Tunataka kusema juu ya komini, maana serikali ya kwanza ambayo mtu anakutana nayo akitoka katika lupango lake ni ile ya komini. Mfereji uliojaa takataka ni shauri la komini. Soko lenye matope ni shauri la komini. Karatasi ya kuzaliwa ya mtoto ni shauri la komini. Na mtu wa kusimamia mashauri hayo kwa jina letu ni mjumbe wa baraza la komini, yule ambaye wengi wanamwita konseye.

Kwanza tukumbuke tumetoka wapi. Wabelgiji waliandika sheria ya miji katika mwezi wa tatu wa mwaka 1957. Katika mwezi wa 12 wa mwaka ule, watu wa Léopoldville, Élisabethville na Jadotville, ambayo leo ni Kinshasa, Lubumbashi na Likasi, walipiga kura kwa mara ya kwanza. Waliopiga ni wanaume tu, wenye miaka 25 na zaidi. Mama zetu hawakuitwa. Tena wakoloni hawakutaka kuita jambo lile uchaguzi; walisema ni kuwauliza watu shauri tu. Burugumestri hakukaa kwa nguvu ya kura peke yake. Ilipashwa serikali imweke. Na juu ya burugumestri wote alikaa burugumestri wa kwanza, Mzungu aliyewekwa na serikali. Basi wajumbe wale walipewa kiti, lakini hawakupewa ufunguo wa sanduku.

Hata hivyo kiti kile kidogo kilifanya kazi. Tarehe 20 ya mwezi wa nne 1958, Joseph Kasa-Vubu aliwekwa kuwa burugumestri wa Dendale kule Léopoldville. Siku ile ile, mbele ya wakubwa wa serikali, alidai uchaguzi wa inchi nzima na uhuru wa kujitawala. Miaka miwili baadaye alikuwa Rais. Tunasema hivi kusudi mtu asidharau komini akifikiri ni kazi ya kuhesabu mifereji.

Lakini mwaka ule 1957 ulizaa jambo lingine pia, na hatutaki kulificha. Katika komini 4 za Waafrika za Élisabethville, hakuna burugumestri hata mmoja aliyekuwa mwenyeji wa Katanga kwa asili. Kesho yake watu wakaanza kuhesabu makabila badala ya kuhesabu kazi. Katika mwaka 1958 Conakat ilizaliwa kwa uchungu ule. Na katika miaka ya 1992 na 1993 tuliona watu wa Kasai wakifukuzwa kutoka Likasi na Kolwezi, wakilala kwenye stesheni ya reli pamoja na watoto wao, watu waliokuwa wamechimba shaba pamoja nasi. Wandugu, mvua ikinyesha na mfereji ukiziba, maji hayaulizi nyumba hii ni ya Muluba au ya Mubemba, ya Mulunda au ya Musanga. Yanaingia tu. Anayechagua mjumbe kwa kabila lake amechagua jamaa, hajachagua mtumishi.

Sasa tutazame sheria ya leo. Katiba ya mwaka 2006 inasema kwamba komini ni mwili wenye kujitawala katika mambo yake, wenye mali yake na bajeti yake. Sheria ya tarehe 7 ya mwezi wa 10 mwaka 2008 inaeleza kazi hizo: barabara za komini na mifereji yake, masoko, taa za njiani, usafi, vitabu vya kuzaliwa, vya ndoa na vya kufa. Baraza linapitisha bajeti na kukagua hesabu. Burugumestri, msaidizi wake na maeshevini wawili wanatenda kazi, lakini wanapashwa kujibu mbele ya baraza. Ndivyo karatasi inavyosema. Lakini toka Katiba ile miaka ilipita zaidi ya 17 bila kura ya wajumbe wa komini. Ni tarehe 20 ya mwezi wa 12 mwaka 2023 tu ndipo watu walipowachagua, na tena katika komini za miji mikuu ya majimbo peke yake. Lubumbashi na Kolwezi walipiga kura. Likasi, mji wa zamani wa wafanyakazi, haukupiga, kwa sababu si mji mkuu wa jimbo. Ni kusema kwamba ndugu zetu wa Likasi wangali na deni la kudai.

Na sasa tunafika kwenye feza, maana ndipo ukweli unapoonekana. Ninyi wa machimbo mnajua uzito wa shaba kuliko sisi. Sheria ya machimbo iliyogeuzwa katika mwezi wa tatu mwaka 2018 inasema hivi: kompani inayochimba shaba inalipa haki ya machimbo, 3.5 kwa mia ya bei ya mali. Haki ile inagawanywa. Sehemu 50 kwa mia inakwenda kwa serikali ya inchi, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini au shefferie ambapo machimbo ipo, na 10 kwa mfuko wa watoto wetu watakaokuja.

Tufanye mfano, kwa hesabu tu. Tuseme tani moja ya shaba ina bei ya dola 8,000. Haki ya machimbo ni dola 280. Serikali ya inchi inapata 140, jimbo 70, mfuko wa kesho 28, na komini 42. Dola 42 zinaonekana kidogo. Lakini kwa tani 1,000 ni dola 42,000. Kwa tani 10,000 ni dola 420,000. Ni mifereji mingapi? Ni madarasa mangapi? Kobalti, toka ilipotangazwa kuwa madini ya maana sana mwisho wa mwaka 2018, inalipiwa 10 kwa mia. Na juu ya hayo yote, sheria ile ile inaagiza kompani itoe 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaokaa karibu na machimbo, na iandike pamoja nao daftari ya mapatano.

Basi mtu akituambia kwamba komini yenye machimbo haina feza hata ya koleo, tunapashwa kumwuliza kwa heshima: feza ile imepita njia gani? Kuuliza hivi si fitina, wala si uasi. Ni kazi ya mjumbe, na mjumbe akinyamaza inakuwa kazi yetu.

Hapa tunataka kusema neno gumu, na tunaomba msikasirike. Mara nyingi sisi wenyewe tunawaharibu wajumbe wetu. Mjumbe akija kwenye matanga tunatazama mkono wake. Akileta sanduku la maiti, mifuko miwili ya unga na pombe, tunasema: huyu ndiye mtu wa watu. Akija mikono mitupu, lakini amekaa siku tatu akisoma hesabu ya soko, tunasema: huyu ni mchoyo. Jiulizeni: mjumbe ambaye kila juma anatoa zawadi kuliko mshahara wake, zawadi ile inatoka wapi? Inatoka katika ushuru wa yule mama anayeuza mboga. Tunapokea kwa mkono wa kushoto kile tulichonyang'anywa kwa mkono wa kuume, na juu yake tunasema asante.

Kulia na wafiwa ni jambo zuri, ni desturi yetu, na mjumbe asiache kuja. Lakini aje kama ndugu, asije kama tajiri. Kazi yake yenyewe tuipime kwa maulizo haya, na kila mtu ayaweke moyoni:

Moja: Je, mjumbe anaita watu wa kartie kabla ya bajeti kupitishwa, ama tunaisikia kiisha?

Mbili: Je, hesabu ya feza ya machimbo na ya ushuru wa soko imebandikwa mahali ambapo watu wanaweza kuisoma, katika luga wanayoijua?

Tatu: Je, mama anayelipa ushuru anapewa karatasi yenye namba, ama analipa mkononi mwa mtu asiyejulikana?

Nne: Je, mjumbe amekwenda kuona mfereji kwa macho yake kabla ya mvua za mwezi wa 11, ama anangoja nyumba zianguke?

Tano: Je, anasaidia kartie ambayo haikumpigia kura sawasawa na ile iliyompigia?

Mjumbe anayejibu maulizo haya vizuri, tumtegemeze, hata kama hajatupa hata franka moja. Asiyejibu, tumwulize tena. Akikataa, tukumbuke jina lake siku ya kura.

Na sisi tusibaki tukitazama tu. Anayetupa takataka katika mfereji usiku asimlaumu burugumestri asubuhi. Kila avenyi ichague watu wawili, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, waende kwenye baraza na daftari na kalamu, waandike kilichosemwa, warudi watuambie. Wazee wetu wa 1957 walipewa kiti bila ufunguo. Sisi sheria imetupa ufunguo. Kuacha kuutumia ni kurudisha kwa hiari kile ambacho wale walikilipia.

Mrudi nyumbani kwa amani, na kesho mtu asiogope kuuliza.