Tuanze Pale Mtoto Alipo

(Mazungumzo na wazazi na viongozi wa jumuiya, Embu mjini)



Nianze na kisa. Nilimtembelea mama mmoja muuza mboga. Kijana wake wa Gredi ya 5 alinisomea ukurasa mzima bila kukwama, mama akafurahi. Kisha nikayafunika maneno kwa kiganja. Kijana akaendelea tu "kusoma"! Alikuwa amekariri kwa kuwasikia wenzake. Nilipomwonyesha neno "ndizi" peke yake, alinyamaza, machozi yakamtoka.

Tafadhali, tusimlaumu. Mtoto wa mjini, awe Gakoromone kule Meru au Dallas hapa Embu, nyumbani husikia Kimeru au Kiembu, nje ni Kiswahili na Sheng, na vitabu vingi vya shule ni Kiingereza. Tangu ada ziondolewe mwaka 2003 madarasa yamejaa, na anayebaki nyuma hujificha kwa urahisi. Mradi wa Tusome, ulioenea nchi nzima mwaka 2015, ulimpa kila mtoto wa darasa la kwanza na la pili kitabu chake mwenyewe. Lakini aliyekwisha kupita madarasa hayo bila kujua kusoma, nani atamrudia?

Shirika la Pratham, lililoanza katika mitaa ya mabanda ya Mumbai, India, mwaka 1995, limeeneza njia rahisi: watoto wapangwe kwa kiwango cha kusoma, si kwa umri wala darasa. Sisi tunaweza kufanya hivi:

1. Kumpima kila mtoto peke yake, faraghani: je, anajua herufi, neno, aya au hadithi? Asiaibishwe mbele ya wengine.

2. Kuanza na Kiswahili. Mtoto wa mjini anakiongea, na kinasomwa kama kinavyoandikwa. Akishika ma, me, mi, mo, mu, ataunda maneno mwenyewe.

3. Kutumia vitu vya mtaani. Andikeni silabi kwenye vifuniko vya soda, watoto wazipange: ndi-zi, ma-ta-tu, so-ko.

4. Kuwapeleka maktaba ya umma Jumamosi. Meru iko, na Embu iko.

Utaniuliza, "Na mimi nisiyejua kusoma, nitasaidiaje?" Mwambie mtoto, "Nisomee," kisha uketi umsikilize. Dakika kumi kila jioni, redio ikiwa imezimwa. Ukiona anakariri, funika ukurasa kama nilivyofanya mimi, lakini bila kumcheka.

Yule kijana alikubali kuketi na watoto wadogo wa silabi. Haikuwa rahisi, wenzake walimcheka. Juzi mama yake aliniambia kwamba sasa akilipwa kwa simu haendi tena kwa jirani kusomewa ujumbe. Anamwita mwanawe.

Basi wiki hii, kila jumuiya imtafute mtoto mmoja wa namna hii. Haba na haba hujaza kibaba.