Elfu mbili ya LUKU inaishia wapi? Mazungumzo na vijana wa Ngulyati



Leo sikuja na mambo ya jukwaani. Nimekuja na risiti ya LUKU. Nani mwezi huu kanunua umeme wa elfu mbili akapata uniti nne, akasema mita mbovu? Naona mikono. Mita ni nzima. Tupige hesabu.

Kundi la D1, la wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, bei ya uniti ni shilingi 100. Juu yake weka VAT asilimia 18, REA asilimia 3, EWURA asilimia 1. Uniti inakuwa 122. Hiyo ya REA sina ugomvi nayo, ndiyo inayoleta nguzo vijijini.

Elfu mbili ukigawa kwa 122 ni uniti 16. Mbona nne? Kwa sababu 1,500 imeshaondoka kabla hujapewa umeme. Ni kodi ya jengo. Ilipachikwa kwenye LUKU mwaka 2021, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na Bunge ambalo karibu lote ni la chama kimoja. Julai 2023 wakapandisha ikawa 1,500. Umeme wako umenunuliwa kwa 500 iliyobaki.

(Kama kodi imeshakatwa mwezi huo na elfu mbili bado inakupa uniti tano na nusu, hapo uko T1, ya shilingi 292 kabla ya makato. Hilo kalifuatilie TANESCO.)

Kinachonikera ni hiki. VAT angalau inafuata matumizi, ukitumia kidogo unakatwa kidogo. Hii haiangalii. Mwenye friji na mama mwenye taa mbili na chaji ya simu wanakatwa sawasawa. Na ukikaa miezi mitatu hujanunua, unasubiri hela ya pamba, deni linakusubiri na lenyewe: siku ukinunua, 4,500 inatangulia.

Halafu wapangaji wenzangu, kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba! Sisi tunamlipia tu. Mimi nilitunza risiti za mwaka mzima, 18,000, nikampelekea mzee mwenye nyumba. Sikwenda kwa shari, nilimwamkia, tukakaa. Hakufurahi, ila akanipunguzia kwenye pango.

Na wazee wetu: aliyefikisha miaka 60 na anaishi kwenye nyumba yake mwenyewe, sheria imemsamehe. Lakini mita haijui umri wa mtu. Mpaka aende mtu TRA pale Bariadi na kitambulisho chake. Nyumba moja yenye mita mbili nayo inatakiwa ikatwe kwenye mita moja tu.

Jumamosi ijayo kila mmoja aje na risiti tatu za nyumbani kwao. Wenye bibi na babu wanaokatwa, waje pia na namba ya mita. Tutaanza na hao.