Mtoto Akirudi Nyumbani na Paka wa Kuokota

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Kama una uji jikoni, punguza moto kidogo, uvute kigoda, tuzungumze.

Leo nataka tuzungumze juu ya paka. Naam, paka. Si paka wako aliye na jina na sahani yake, bali yule asiye na mwenyewe. Yule anayelala chini ya vibanda vya soko, na watoto wake wanaolia nyuma ya choo usiku wa mvua. Mtoto wako atawasikia kabla yako, na atataka kuwasaidia. Je, afanye nini? Nawe mama ufanye nini?

Acha niwaeleze kisa kimoja. Msimu mmoja wa mvua, mama mmoja alikuja kliniki kupima uzani wa mtoto wake mchanga. Alikuwa ameandamana na kaka ya huyo mtoto, mvulana wa miaka 7. Nilimsalimu kijana yule, akanipa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umefichwa mfukoni. Nilimbembeleza mpaka akautoa. Nikaona alama za meno kwenye kidole gumba, na kidole kimevimba.

Alikuwa ameumwa na mtoto wa paka aliyemficha nyuma ya jiko. Ilikuwa siku ya nne. Hakumwambia mtu. Nilipomuuliza kwa nini, alimtazama mama yake, kisha akatazama chini. Mara ya kwanza alipoleta paka nyumbani alichapwa. Kwa hiyo mara ya pili alificha paka, na alipoumwa akaficha jeraha pia.

Tuliuliza paka yuko wapi. Jirani alikuwa amemchukua na kumtupa mbali. Hakuna aliyejua kama alikuwa mzima au mgonjwa. Tuliosha kidole kile papo hapo, na mama akaenda na mwanawe hospitali kuanza chanjo ya kichaa cha mbwa. Nauli ilitoka kwa wenzake wa chama. Kijana alimaliza sindano zote, na leo yuko shuleni anacheza. Lakini usiku ule sikulala vizuri. Muhula uliotangulia nilikuwa nimezungumza na watoto wa shule ile ile kuhusu kuumwa na mbwa. Sikutaja paka hata mara moja. Ndiyo sababu nawataja leo.

Wasikilizaji, ugonjwa wa kichaa cha mbwa umekuwa nchini Kenya kwa muda mrefu. Uliripotiwa mara ya kwanza mwaka wa 1912, kwa mbwa aliyekuwa viungani mwa Nairobi. Watu wengi huupata kutokana na mbwa. Lakini paka pia huambukizwa, na paka pia huambukiza. Dalili za ugonjwa zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mara mgonjwa hufariki. Habari njema ni kwamba kabla ya dalili kuanza, ugonjwa huu unazuilika kabisa. Mdharau mwiba mguu huota tende, na jeraha la paka ni mwiba wa namna hiyo.

Basi jambo la kwanza la leo ni hili. Mtoto akiumwa au akiparuzwa na paka asiyemjua, osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa dakika 15. Kama huna mfereji, mtu mmoja amimine maji kutoka kwenye mtungi na mwingine aoshe. Sabuni ya kufulia inafaa. Dakika 15 ni nyingi kuliko unavyodhani, kwa hiyo tazama saa. Usitie pilipili, mafuta ya taa, majivu wala kahawa. Usifunge jeraha kwa kulikaza. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usingoje kuona kama litavimba.

Kituoni, mhudumu ataamua kama mtoto anahitaji chanjo, na pia kama anahitaji sindano ya pepopunda na dawa ya kuzuia usaha. Meno ya paka ni membamba kama sindano. Huingia ndani sana na tundu hufunga haraka, uchafu ukabaki ndani. Kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa, ratiba moja inayotumika ni ya sindano tano: siku ya kuanza, kisha baada ya siku 3, 7, 14 na 28. Kuna ratiba fupi pia, na daktari ndiye atakayepanga. Siku hizi hazidungwi tumboni kama tulivyotishwa zamani. Hudungwa begani, au pajani kwa mtoto mdogo. Mama mjamzito na anayenyonyesha pia huchanjwa. Si kila zahanati ina chanjo hii, kwa hiyo uliza au piga simu kabla ya kupanda gari, usije ukazunguka siku nzima na mtoto.

Kama paka anajulikana na anaonekana mzima, asiuawe wala kufukuzwa. Afungiwe mahali salama, alishwe, aangaliwe kwa siku 10. Akibaki mzima siku hizo zote, ina maana kwamba hakuwa akiambukiza siku alipouma, na daktari anaweza kusimamisha chanjo. Lakini chanjo huanza kwanza, haingoji siku 10. Paka akifa au akibadilika ghafla, akawa mkali bila sababu, akatokwa na mate mengi, akayumba au sauti ikawa ya kukwaruza, msimguse. Mpigieni simu afisa wa mifugo.

Sasa turudi kwa mtoto wako aliyesimama mlangoni na paka mkononi. Mama mpendwa, tafadhali usimchape. Mtoto anayeogopa kiboko ataficha jeraha. Mwambie hivi: "Ukiona paka, usimguse. Njoo uniite, twende pamoja." Maneno hayo mafupi yanaweza kuokoa maisha. Nawe akikuita, nenda. Usiseme uko na kazi.

Ukifika, kwanza tazama tu. Mara nyingi watoto wa paka hawakuachwa. Mama yao ameenda kutafuta chakula. Kama wamelala kimya, wamekusanyika na matumbo yao yamejaa, waache. Angalia kwa mbali kwa saa kadhaa. Mama akirudi, kazi yako ni kumwekea maji na chakula karibu, na kuwazuia watoto wasimsumbue. Paka anayelinda watoto wake huuma hata mtu aliyemzoea.

Lakini kama wamelowa, ni baridi, wanalia bila kukoma, au mama yao amegongwa na gari, hapo wanahitaji msaada. Anayewashika awe mtu mzima. Tumia taulo nene au gunia. Waweke ndani ya katoni yenye matundu na kitambaa kikavu. Wapashe joto kabla ya kuwalisha, kwa sababu mtoto wa paka aliye baridi hawezi kusaga chakula. Chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kwa kitambaa inatosha.

Tunapenda kuwapa maziwa ya ng'ombe. Maziwa hayo huwaharisha, na kuharisha huwaua upesi. Uliza kwa daktari wa mifugo maziwa yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa paka. Mlishe akiwa amelala kifudifudi, jinsi anavyonyonya kwa mama yake. Usimlaze chali kama mtoto wetu, maana maziwa yataingia mapafuni. Wale ambao macho hayajafunguka hula kila baada ya saa 2 au 3, usiku na mchana. Ni kazi ngumu, na kama una mtoto mchanga nyumbani, mpe jirani anayeweza. Wakifika wiki 4 wanaweza kuanza chakula laini, kwa mfano omena waliochemshwa bila chumvi wala kitunguu, wakapondwa. Na jambo moja kubwa: usimpe paka dawa ya maumivu ya binadamu. Paracetamol inaua paka, hata kwa kiasi kidogo.

Mama mmoja aliniuliza sokoni, "Sista, mimi ni mjamzito. Nimeambiwa nimtupe paka wangu." Nilimjibu hapana. Ni kweli kuna ugonjwa uitwao toksoplasmosisi. Vimelea vyake hutoka kwenye kinyesi cha paka aliyekula panya au nyama mbichi. Mama akiambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito, mtoto aliye tumboni anaweza kudhurika. Lakini vimelea hivyo huchukua siku 1 hadi 5 baada ya kutoka kabla ya kuweza kuambukiza. Kwa hiyo kinyesi kikiondolewa kila siku, hatari hupungua sana. Mtu mwingine nyumbani aondoe. Kama hakuna, vaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi, kisha nawa kwa sabuni. Isitoshe, watu wengi hupata ugonjwa huu kwa nyama isiyoiva vizuri, mboga zisizooshwa na udongo wa shambani. Basi pika nyama iive, osha sukuma wiki vizuri, na vaa glavu ukipalilia. Mtu mwenye kinga dhaifu mwilini naye afuate hayo hayo.

Viroboto, minyoo na choa pia hutoka kwa paka wa kuokotwa. Mtoto akipata viraka vya mviringo kichwani au mwilini vinavyowasha, mlete kliniki. Paka mpya akae peke yake mpaka daktari amwone. Watoto wanawe mikono kabla ya kula. Na rundo la mchanga wa ujenzi lifunikwe, kwa sababu paka huliona kuwa choo na watoto huliona kuwa uwanja.

Sasa, msaada unapatikana wapi? Anza na afisi ya mifugo katika kaunti ndogo yako. Chifu au mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji atakuelekeza. Walio Nairobi na karibu wanaweza kuwasiliana na chama cha KSPCA, ambacho kazi yake ni kuwatetea na kuwatunza wanyama. Piga simu kwanza, kwa sababu mahali pa kuwalaza wanyama hujaa. Na ukisikia gari la tangazo likipita kuhusu chanjo ya mbwa, hasa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, uliza kama paka pia watachanjwa. Paka huchanjwa kuanzia umri wa miezi 3, kisha hurudiwa kama daktari atakavyoelekeza.

Lakini msaada wa karibu zaidi ni majirani wanaopenda wanyama kama wewe. Katika kila mtaa wapo. Ni yule mzee anayetupia paka kichwa cha samaki, yule muuza mahindi anayewapenda kwa sababu wanalinda gunia lake na panya, na yule msichana wa shule ya upili. Kutaneni. Mmoja awe na katoni na taulo. Mmoja ahifadhi nambari ya daktari. Mmoja aulize kanisani, msikitini na kwenye chama ni nani anayehitaji paka wa kufukuza panya.

Tena fikirieni uzazi. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 tu, na hubeba mimba kwa wiki 9 hivi. Anaweza kuzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Mkilisha bila kufunga uzazi, mwaka ujao mtakuwa na katoni tano badala ya moja. Changeni kidogo kidogo, majike wafungwe kizazi na madume wahasiwe, na wachanjwe siku hiyo hiyo. Mwulizeni daktari kama anaweza kupunguza bei mkimpelekea paka kadhaa pamoja. Haba na haba hujaza kibaba.

Kuna wanaosema njia rahisi ni sumu. Akina mama, nawasihi, msikubali. Kipande cha nyama kilichotiwa sumu kikitupwa njiani hakichagui. Mtoto anayetambaa hukiokota pia. Zaidi ya hayo, sheria ya Kenya inakataza ukatili kwa wanyama.

Kabla sijaaga, tukumbuke. Mtoto asimguse paka asiyemjua, aje akuite. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji dakika 15, kisha kituoni siku hiyo hiyo. Kinyesi kiondolewe kila siku. Paka wachanjwe na wafungwe uzazi. Na mtoto akikuambia ukweli, mshukuru kwanza.

Jioni ya leo, kabla ya kulala, itazame mikono ya wanao. Uliza kila mkwaruzo ulitoka wapi, na uulize kwa upole. Mimi ni muuguzi wenu. Hadi wiki ijayo, kaeni salama.