Mwacheni Mama wa Makinda

Fungu letu la leo ni Kumbukumbu la Torati 22, aya ya 6 na ya 7.

Hapo Israeli wanapewa amri ndogo sana. Mtu akikuta kiota njiani, mama akiwa ameyalalia makinda au mayai, asimchukue mama pamoja na wana. Na amwache mama aende zake. Lakini ahadi iliyofungwa na amri hii si ndogo: ni heri na siku nyingi, kama walivyoahidiwa wanaowaheshimu baba na mama.

Sisi wa Mwanda tunakaa karibu na Vuria, kilele chenye urefu wa mita 2,208. Chini yetu ni nyika ya Tsavo, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1948. Wageni wengi hupitia Voi kwenda huko kuwatazama ndovu na simba. Wachache hupanda milimani, nao hutafuta viumbe wasiopatikana mahali pengine popote duniani: ndege wa Taita. Mmoja wao ana kichwa cheusi na mdomo wa rangi ya chungwa, naye huokota chakula katika majani makavu, penye kivuli kizito. Misitu aliyobakiwa nayo ni ya kuhesabika, kama Mbololo, Ngangao na Chawia. Ngangao ni hekta 120 hivi tu.

Kijana wa kwetu anayewaongoza wageni huwaambia wanyamaze, wasitoke njiani, wangoje. Ndege akionekana, mgeni hufurahi, kijana hupata ujira, nasi husema, "Kumbe msitu una faida!"

Ni kweli, una faida. Lakini je, mgeni asipokuja? Machi 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa korona, eropleni za abiria kutoka nchi za nje zilisimamishwa hadi Agosti. Mahoteli mengi yalifunga milango, na msitu ukabaki bila mtazamaji. Kama tuliutunza kwa ajili ya fedha ya mgeni tu, ni nini cha kutuzuia tusishike shoka siku kama ile?

Amri ya kiota yatujibu. Pale njiani hapana shahidi, na ndege hawezi kushtaki. Ni Mungu peke yake aonaye. Yeye ameturuhusu kula, lakini hakuturuhusu kumaliza. Kuni tutaokota na maji tutateka, lakini tusiukate msitu unaotulindia chemchemi.

Tena tusiseme maneno haya kwa wepesi mbele ya mkulima wa nyikani aliyeamka akakuta mahindi yake yameliwa na ndovu. Huyo hulipa gharama ya furaha ya mgeni. Kumwambia atunze wanyama, kisha tusimpelekee hata debe la mahindi, si utunzaji wala si upendo. Na anayepokea fedha ya wageni akumbuke kwamba jirani huyu ana sehemu yake.

Tuombe. Ee Mungu Muumba, utufanye mawakili waaminifu, hata pasipokuwa na mtu wa kututazama. Utukumbushe jirani aliyepoteza mavuno, na uwabakizie wana wetu misitu hii. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.