Miji ya Kale ya Bonde la Indus na Jinsi Ilivyofukuliwa



Leo twataka kuwaeleza habari za miji miwili iliyosahauliwa kabisa na wanadamu, hata majina yake ya asili hayajulikani mpaka sasa. Watu huiita Harappa na Mohenjo-daro, nayo imo katika bonde la mto Indus, katika nchi ambayo tangu mwaka 1947 ni Pakistan. Kutoka mmoja hata wa pili ni mwendo wa maili zaidi ya 350, lakini ilisitawi katika zama zile zile, tangu miaka 2600 hivi kabla ya Kristo mpaka miaka 1900 kabla ya Kristo.

Harappa ulijulikana kwanza, nao ulijulikana kwa bahati mbaya. Katika miaka ya 1850 na 1860 Waingereza walikuwa wakijenga njia ya reli kati ya Lahore na Multan. Reli haiwezi kulazwa juu ya udongo mtupu; yataka mawe chini ya mataruma, ili maji yapite na njia isididimie. Lakini nchi ile ni tambarare ya udongo wa mto, na mawe ni haba. Basi wajenzi wakaona vilima vya Harappa vimejaa matofali ya kuchoma, mazuri na magumu, wakayachukua. Alexander Cunningham, askari aliyependa sana mambo ya kale, alikuwa amekwisha kufika pale mwaka 1853 na tena 1856, akaona magofu makubwa. Aliporudi mwaka 1872 mengi yalikuwa yametoweka. Akaandika kwamba matofali yaliyochukuliwa yalitosha njia ya reli ya maili 100 hivi. Fikirini, mabwana: garimoshi likipita juu ya kuta za mji wenye umri wa miaka zaidi ya 4,000, na hapana msafiri hata mmoja aliyejua.

Hatusemi kwamba wajenzi wale walikuwa watu waovu. Wenyeji nao walijengea nyumba zao matofali hayo hayo, na kwa mtu asiyejua asili yake, tofali ni tofali tu. Hata Cunningham hakujua. Mwaka 1875 alichapisha picha ya muhuri mdogo wa jiwe uliotoka Harappa, wenye sura ya mnyama na alama za maandishi yasiyosomeka, akadhani umetoka nchi nyingine. Elimu yake ilikuwa kubwa, ila muhuri ule ulikuwa peke yake. Hapakuwa na mtu wa kusema ulilala katika tabaka gani ya udongo, wala kando yake palikuwa na kitu gani.

Jambo hili twapenda mlishike, maana ndilo kiini cha kazi yote. Tazameni jaa la nyuma ya nyumba: takataka za mwaka huu zi juu, za miaka ya nyuma zi chini. Mwenye kulichimba kwa pupa ili kutafuta pete iliyopotea pengine ataipata, lakini amekwisha kuchanganya miaka yote. Mfukuaji wa mambo ya kale huondoa udongo tabaka kwa tabaka, akaandika mahali pa kila kigae. Kwa hiyo mkulima akipiga jembe akatokeza chungu cha kale au ushanga, na akiache palepale, amwite mwalimu au mzee wa mji. Kikiisha kuondolewa, nusu ya habari yake imepotea.

Mwaka 1921 Bwana Daya Ram Sahni alianza kufukua Harappa, na mwaka uliofuata Bwana R. D. Banerji akaanza Mohenjo-daro. Mkubwa wao, John Marshall, alipolinganisha vitu vya pande zote mbili aliona mihuri ni ya namna moja. Mwezi wa Septemba 1924 akatangaza habari hizo katika gazeti la London. Hazikupita wiki nyingi, wajuzi wa mambo ya Iraki wakaona kwamba mihuri ya namna hiyo imepata kuonekana kwao pia. Maandishi ya kale ya Iraki husomeka na miaka yake hujulikana. Basi kwa njia hiyo umri wa miji ya Indus ulijulikana.

Mohenjo-daro haukupatwa na wajenzi wa reli, ndiyo sababu huko mengi yalionekana yamesimama. Njia zake zimenyooka. Kandokando yake imo mifereji ya maji machafu iliyofunikwa kwa matofali, na nyumba nyingi zilikuwa na kisima na mahali pa kuogea. Liko birika kubwa, urefu futi 39, upana futi 23, kina futi 8, lililopakwa lami lisivuje. Mawe ya mizani yalikuwa na uzani mmoja katika miji yote, wala twadhani biashara ya mbali isingewezekana bila hayo. Ushanga wao wa akiki ulifika mpaka Ur katika Iraki. Nyuzi za pamba zilionekana pia.

Wazee watauliza, Mfalme wao nani? Hapana jumba lililotambulikana kwa hakika kuwa la mfalme, wala kaburi lake. Iko sanamu ndogo ya mtu mwenye ndevu, nao waliiita kuhani na mfalme. Lakini jina hilo ni la wafukuaji, si lake. Maandishi yangeweza kutuambia, nayo yana alama zipatazo 400, lakini ni mafupi mno, na mpaka leo hapana aliyeyasoma akakubaliwa na wenzake.

Siku hizi adui wa Mohenjo-daro ni chumvi. Maji ya ardhini huipandisha katika kuta zilizofukuliwa, ikakauka na kuyala matofali, na mvua kubwa za mwaka 2022 ziliharibu kuta kadha wa kadha. Mafundi huzipaka udongo usio na chumvi, nao ukiisha kuharibika huubandua na kupaka mwingine.